Degedege la kifafa au la kisaikolojia? Tazama mwendo wake kabla ya kuongeza dozi

Swali: Ninafanya kazi kitengo cha dharura, mara nyingi zamu ya usiku. Aliletwa msichana wa miaka 24 anatetemeka mwili mzima, macho kayafumba, na ndugu zake wakasema ameanza nusu saa iliyopita. Tulimpa diazepamu 10 mg kwenye mshipa, tukarudia, tukarudia tena. Akaanza kupumua kwa shida, ikabidi tumpulizie hewa kwa mfuko. Asubuhi daktari mkubwa akasema, "Huyo hana kifafa, alikuwa anaigiza." Ningetambuaje usiku ule? Na itakuwaje siku nikimwacha mwenye kifafa cha kweli nikidhani ni mambo ya akili?

Jibu: Dozi ya kwanza haikuwa kosa. Mtu anayetikisika mwili mzima kwa zaidi ya dakika 5, na historia yake huijui, hupewa dawa ya kukata degedege. Hata bingwa wa magonjwa ya ubongo angeitoa. Tatizo ni dozi ya tatu. Kati ya ya pili na ya tatu ilibidi mtu mmoja aache kila kitu, asimame kando ya kitanda na kumtazama mgonjwa tangu utosini hadi unyayoni.

Jambo hili huwapata wengi. Katika jaribio la ESETT lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019, watu 384 ambao benzodiazepini (kundi la dawa za kukata degedege, diazepamu ikiwemo) haikuwatuliza walipewa dawa ya hatua ya pili. Kesi zilipochambuliwa baadaye, takriban 10% yao degedege lao lilikuwa la kisaikolojia. Walikuwa mikononi mwa timu zilizojiandaa kabisa kwa kazi hiyo.

Kuhusu neno "anaigiza", lifute kwenye msamiati wa zamu yako. Katika degedege la kisaikolojia mwili hutikisika au hulegea na fahamu hufifia, lakini ubongo haujapata ule mlipuko wa umeme unaoleta kifafa. Mgonjwa hajaamua litokee, na kumkaripia hakulikomeshi. Anayejifanya kwa makusudi yupo, ila ni nadra, na si kazi ya chumba cha dharura kumsaka.

Kabla ya kubagua

Ukifika kitandani, weka kando swali la kifafa au si kifafa. Jiulize kwanza kama kuna kitu kitakachomuua au kumharibu ubongo ukichelewa. Tazama saa, andika muda. Mlaze ubavu, mpe oksijeni, mvalishe kipimo cha oksijeni kidoleni, mpime sukari. Sukari ikiwa chini ya 3.3 mmol/l, mpe glukosi ya 50% ml 50 kwenye mshipa mkubwa. Kama ni mnywaji au amedhoofu kwa kukosa chakula, mpe na thiamini (vitamini B1) 100 mg. Pima joto, angalia shingo kama imekaza, papasa kichwa kutafuta jeraha, na kama ametoka eneo lenye malaria, pima malaria.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, shika tumbo, uliza kuhusu mimba, pima presha. Mwenye mimba iliyovuka wiki 20, au aliyejifungua siku au wiki chache zilizopita, mchukulie kuwa ana kifafa cha mimba. Dawa yake ya kwanza ni magnesiamu salfeti 4 g polepole kwenye mshipa, kisha dozi za kuendeleza, wala si diazepamu. Mgonjwa wako alikuwa na miaka 24, na katika maelezo yako sioni presha wala kipimo cha mimba. Hilo linanitia wasiwasi kuliko diazepamu.

Sababu moja husahaulika sana: anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu akimeza nyingi hupata degedege ambalo benzodiazepini peke yake mara nyingi hailikati. Linahitaji piridoksini (vitamini B6), gramu kwa gramu ya alichomeza, au 5 g kama kiasi hakijulikani.

Mwendo wa degedege

Kama ungeniruhusu kukufundisha kitu kimoja tu, kingekuwa hiki. Degedege kubwa la kifafa lina mwendo wake, nao haubadiliki sana kati ya mtu na mtu. Huanza kwa kukakamaa, pengine na ukelele mmoja unaotoka hewa inapobanwa kifuani. Kukakamaa huchukua sekunde 10 hadi 20 hivi, uso ukibadilika rangi. Kisha mtikisiko unaanza. Mwanzoni ni mdogo na wa kasi, huwezi kuuhesabu. Baadaye unapungua kasi huku kila mpigo ukizidi kuwa mzito, mikono na miguu ya pande zote mbili ikipiga kwa pamoja. Nafasi kati ya mpigo na mpigo inapanuka. Kuelekea mwisho unaweza kutamka neno zima katikati. Unakuja mpigo wa mwisho, mgonjwa analegea, anashusha pumzi ndefu. Mara nyingi yote hayo huisha kabla ya dakika 2.

Degedege la kisaikolojia halina mteremko huo. Kasi ya mtikisiko hubaki ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kinachopanda na kushuka ni nguvu yake. Linasimama ghafla, mgonjwa anatulia sekunde 10 au 20, kisha linaanza upya, na linaweza kwenda hivyo dakika 10, 20 au zaidi. Mikono na miguu hupishana: mkono wa kulia unakwenda huku, mguu wa kushoto unakwenda kule. Kichwa hugeuka kushoto na kulia kama cha mtu anayekataa jambo. Kilio cha machozi katikati ya tukio nacho huelekeza huku. Kiuno kinaweza kusukumasukuma, mgongo ukajipinda kama upinde. Hizo mbili za mwisho usizitegemee peke yake, nitaeleza kwa nini.

Kwa hiyo muuguzi anapovuta dawa kwenye bomba la sindano, wewe chukua sekunde 60. Chagua mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, vitazame kwa pamoja, uhesabu mipigo. Je, vinakwenda pamoja au vinapishana? Kasi inapungua au imebaki palepale? Kumesimama mara ngapi? Sekunde hizo hazimcheleweshei dawa mwenye kifafa, kwa kuwa dawa bado inaandaliwa.

Usichanganye mapumziko hayo na kifafa kinachojirudia. Mwenye kifafa akitulia kati ya degedege na degedege, hubaki hana fahamu, anakoroma, amelegea. Mwenye tukio la kisaikolojia akitulia mara nyingi pumzi yake ni nyepesi na ya haraka, rangi nzuri, kope zinachezacheza.

Macho, kisha pumzi

Wakati wa degedege kubwa la kifafa macho huwa wazi, yamekodoa au yamegeukia upande mmoja, na mboni mara nyingi zimepanuka. Katika tukio la kisaikolojia macho huwa yamefumbwa, na ukijaribu kufunua kope unasikia zinakupinga. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 50 kati ya 52 wenye matukio ya kisaikolojia walifumba macho, na 152 kati ya 156 wenye kifafa waliyafumbua. Hizo zilitoka kwenye rekodi za video. Maelezo ya ndugu kuhusu macho hayana nguvu hiyo hata kidogo. Aliyetaharuki hakumbuki macho yalikuwaje, atakujibu lolote. Angalia mwenyewe, na uangalie wakati tukio linaendelea: baada ya degedege la kifafa mgonjwa naye hulala macho yamefumba.

Njia ya kuangalia ni kufunua kope moja taratibu kwa kidole gumba, basi. Kuangusha mkono wa mgonjwa usoni kwake, kumkandamiza kifua kwa vifundo vya vidole, kumnusisha amonia, kumfinya kucha kwa kalamu: hayo yote huumiza, hujeruhi, na jibu lake halitegemeki. Mwenye fahamu zilizofifia kwa sababu ya kisaikolojia anaweza asiitikie maumivu makali, ukadhani umethibitisha kifafa.

Rangi na oksijeni hukusaidia pia. Degedege kubwa la kifafa hubana misuli ya kupumua. Midomo huwa ya samawati, au kwa mwenye ngozi nyeusi utaona ulimi na ufizi umebadilika, na oksijeni hushuka. Mtu aliyetikisika kwa nguvu dakika 25 na oksijeni yake ni 98% bila msaada, hapo kuna la kujiuliza. Ila usome kipimo wakati mkono umetulia. Kidole kinachorukaruka huleta namba za ovyo.

Baada ya kifafa, pumzi ni nzito, ya kina, ya kukoroma, na mgonjwa akizinduka anachanganyikiwa kwa dakika kadhaa au zaidi. Baada ya tukio la kisaikolojia wengine huamka upesi na kuzungumza kwa sauti ya chini, wengine hulala kimya muda mrefu. Akikueleza maneno uliyoyasema alipokuwa anatikisika mwili mzima pande zote mbili, hiyo ni dalili nzito, maana degedege kubwa la kifafa halimwachii mtu kumbukumbu.

Ulimi, mkojo na maabara

Jeraha la ulimi ubavuni likiwepo, elekea kifafa. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kung'ata ulimi hukosekana karibu kwa wote wasio na kifafa, lakini kulipatikana kwa 24% tu ya wenye kifafa. Maana yake ukiliona lina uzito, usipoliona huna ulichopata. Jeraha la ncha ya ulimi halina maana hiyo. Hata aliyezirai akaangukia kidevu hulipata. Kujikojolea hakubagui chochote, kwa hiyo acha kukuhesabu. Michubuko nayo hutokea kwa wote. Bega lililochomoka kuelekea nyuma au pingili ya mgongo iliyobonyea, hizo ni alama za kifafa.

Kipimo cha damu chenye faida usiku ni lakteti. Misuli ikifanya kazi bila oksijeni ya kutosha huimwaga kwa wingi. Damu ichukuliwe mapema, ndani ya saa 2 baada ya tukio, maana hushuka upesi. Lakteti iliyozidi 2.5 mmol/l huelekeza kwenye degedege kubwa la kifafa, iliyo ya kawaida baada ya kutikisika kwa nguvu dakika nyingi huelekeza kwingine. Ikumbukwe kwamba maambukizi makali, mshtuko wa mwili na metformini (dawa ya kisukari) huipandisha pia, na kifafa cha sehemu moja ya ubongo kinaweza kisiipandishe kabisa. Homoni ya prolaktini hupanda dakika 10 hadi 20 baada ya tukio, na inahitaji kulinganishwa na damu nyingine ya baada ya saa 6. Zaidi ya hapo, hupanda pia mtu akizirai. Kwa zamu ya usiku naiona haina kazi. CK, kimeng'enya cha misuli, hupanda taratibu, kwa hiyo ikiwa ya kawaida saa ya kwanza haikuambii kitu.

Panapoteleza

Kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo ndicho kinachowaaibisha waliojiamini. Mgonjwa hurusha miguu kama anaendesha baiskeli, husukuma kiuno, hupiga kelele, na pengine fahamu zipo. Kinafanana kabisa na kile watu wanachokiita maigizo, na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya kawaida inaweza isionyeshe kitu. Kinachokifichua ni ufupi wake, mara nyingi chini ya dakika 1, kutokea usingizini, kuja mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila tukio kuwa nakala ya lililotangulia. Mgonjwa wa "vituko" vya sekunde 30 vinavyomwamsha kila usiku apelekwe kwa bingwa. Asipewe ushauri nasaha kisha akaachwa.

Kuzirai nako huja na mtikisiko. Mipigo isiyofika 10 huelekeza kwenye kuzirai, iliyozidi 20 huelekeza kwenye kifafa. Aliyezirai hufumbua macho wakati wa tukio na hurudi sawasawa ndani ya sekunde chache. Kila aliyeanguka akapoteza fahamu kwa mara ya kwanza apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwani moyo unaokatikakatika mapigo humwua mtu huku daktari akijadili ubongo. Kinyume chake, aliyelala amelegea, macho yamefumba, presha na mapigo mazuri, kwa zaidi ya dakika 2, hajazirai. Huyo fikiria tukio la kisaikolojia, baada ya kuhakikisha sukari ni nzuri na hakumeza kitu.

Mtu aliyepewa metoklopramidi (dawa ya kutapika) au haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) akapinda shingo, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje, yuko macho kabisa na anateseka. Hayo ni madhara ya dawa kwenye misuli, na hutibika kwa dawa kama biperideni au difenhidramini.

Mtego mkubwa kuliko yote: mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Takriban mmoja kati ya watano wenye matukio ya kisaikolojia ana kifafa pia. Kadi inayosema "si kifafa" haitazami mgonjwa kwa niaba yako usiku wa leo, wala kadi inayosema "kifafa" haifanyi kila tukio lake kuwa kifafa.

Dawa, na mahali pa kusimama

Ukiwa na shaka, tibu kama kifafa, kwa dozi kamili. Mtu mzima: midazolamu 10 mg kwenye msuli wa paja kama anazidi kilo 40, au lorazepamu 4 mg kwenye mshipa, au diazepamu 10 mg kwenye mshipa, polepole, isizidi 5 mg kwa dakika. Ninaona watu wengi wakitoa nusu dozi kwa woga, kisha nusu nyingine, kisha nyingine. Hiyo haikati kifafa na haimwepushii mtu hatari ya kushindwa kupumua. Toa kamili, subiri dakika 5, na kama tukio linaendelea rudia mara moja. Basi. Benzodiazepini ya tatu isitoke.

Hapa ndipo pa kusimama na kutazama upya. Ukiona ni kifafa, endelea bila kusita na dawa ya hatua ya pili: levetirasetamu 60 mg kwa kilo (isizidi 4500 mg) au valproeti 40 mg kwa kilo (isizidi 3000 mg, na si kwa mjamzito). Fosfenitoini nayo ilitoa matokeo yanayolingana nazo katika ESETT. Ukiona mwendo wa kisaikolojia, mboni nzuri, oksijeni nzuri, sukari nzuri, presha nzuri na hana mimba, shusha sindano. Mwache mtu mmoja kando yake, kipimo cha oksijeni kibaki kidoleni, na mwenye ujuzi zaidi apigiwe simu. Ukishindwa kuamua, jiegemeze upande wa kifafa, ila bomba la kupumulia lisiingizwe kwa sababu tu mtikisiko haujaisha.

Kisha zungumza naye, hata akiwa anatikisika. Toa umati chumbani, acha kumshika mikono, sauti ya chini: "Uko salama. Niko hapa. Hili litapita. Ukinisikia, bana kidole changu." Wengi hutulia hivyo. Usiseme mbele yake "sasa ataanza tena", kwa maana anasikia.

Akishazinduka, usimpe jina la ugonjwa kwa uhakika ambao huna. Uthibitisho kamili hutoka kwenye EEG inayorekodiwa pamoja na video wakati tukio linatokea. Mwambie: "Ulichopata ni cha kweli na hukukitaka. Nilichokiona hakifanani na kifafa, lakini si mimi nitakayesema la mwisho. Utaonana na bingwa." Dawa za kifafa anazotumia asiachishwe usiku ule. Matibabu ya baadaye ni ya mazungumzo ya kisaikolojia, na msingi wake ni jinsi alivyoambiwa mara ya kwanza. Aliyeambiwa anaigiza harudi.

Waombe ndugu wamrekodi kwa simu litakapotokea tena, yeye mwenyewe akiwa ameridhia: kwanza mwili mzima, kisha uso na macho, wamwite jina, na wasikate mpaka atulie kabisa. Bingwa huhitaji mwisho wa tukio kuliko mwanzo wake.

Na kwenye faili andika ulichokiona, usiandike hukumu. Si "degedege la uongo", bali hivi: "Macho yamefumba, kope zinapinga. Mikono na miguu inapishana, kasi haipungui, imesimama mara 4 kwa sekunde 10 hadi 20. Oksijeni 98% alipotulia. Jumla dakika 14. Alibana kidole alipoombwa. Hakuna jeraha la ulimi. Sukari 5.2, presha 118/74, mimba hakuna. Lakteti 1.4, dakika 40 baada ya kutulia."